Sumaku Zilizokufa na Maji ya Kisima

Kila mara kijana anaponijia na mawe ndani ya mfuko wa unga, akiniambia ameyaokota Subukia au nyuma ya Menengai na kwamba mjomba wake amesikia redioni kuwa ni madini adimu, mimi humuuliza kwanza: maji yako yanatoka wapi? Wengi hudhani nimeanza kuchanganyikiwa. Mmoja alinijibu, "Mzee, mimi nimekuja na mawe, sijakuja na kiu." Nilimpenda kwa jibu hilo, lakini swali sikulibadilisha.

Huyo mzee, yaani mimi, ana miaka arobaini na kitu tu. Nakuru mtu akishaacha kazi moja na nywele zikaanza kumpungua, anaitwa mzee, basi nimekubali. Babu yangu alikuja na reli kutoka Bungoma akabaki hapa, na nadhani alinirithisha miguu yake, maana mimi sikai mahali. Nimepima vyuma kuukuu Rhonda, nimefunga maua Naivasha nikilala kwenye chumba kimoja Karagita, nimechoma matofali, nimelinda geti. Lakini kazi ninayoiota hadi leo ni ile ya karakana ya Kiarie, kwenye njia ya kwenda Gilgil, ambako tulikuwa tunatenganisha vitu ambavyo Mungu mwenyewe alivichanganya.

Mjue jambo hili kabla ya mengine. Madini hayo si adimu kama jina lake linavyodai. Yako kwenye udongo wa sehemu nyingi, yamebanana kama ndugu waliopanga chumba kimoja. Kilicho adimu ni kuyatenga. Ukiwa na mchanganyiko wake, mnunuzi atakulipa kidogo, kwa sababu kazi kubwa bado iko mbele yake na gharama yake ataikata kwenye bei yako. Ukiyatenga, atakulipa vizuri. Lakini kati ya bei hizo mbili kuna asidi, mafuta, chokaa, moto na maji, na kila kimoja kinataka kulipwa kabla yako. Kiarie alikuwa na msemo wake: mseto unalipa nauli, haulipi safari.

Sisi hatukuchimba shimo lolote. Kiarie alikuwa mnunuzi wa vyuma Rhonda, mtu mnene, mpole, aliyependa kuhesabu kwa kidole hewani. Ndani ya diski za kompyuta zilizokufa na mota za pikipiki za umeme kulikuwa na sumaku ndogo zenye nguvu ya ajabu, na watu walikuwa wakizitupa pamoja na chuma cha kawaida. Sumaku hizo zina chuma, ndiyo, lakini pia zina neodimi, mojawapo ya hayo madini adimu, na nyingine zina disprosi kidogo. Karakanani tuliziita Neo na Dispro, kama vijana wawili wa mtaani. Neo ndiye mwingi. Dispro ni kiduchu, lakini bei yake ilimfanya Kiarie alitamke jina hilo kwa sauti ya kanisani.

Aliyemfungua macho ni Agnes. Agnes alikuwa akipima maji na mbolea kwenye maabara ya shamba moja la maua Naivasha, nami nilimjua kwa sababu tulichota maji kwenye bomba moja Karagita. Ni mtu wa Kakamega, mrefu, hana haraka, na ulimi wake unakata. Kiarie alipomwomba aje awe mtaalamu wa karakana, aliacha kazi yenye mshahara wa kila mwezi akaja. Watu wa Karagita walimwambia amerogwa. Mimi nilimfuata kwa sababu tu nilikuwa nimechoka na waridi.

Somo la kwanza alinifundishia kwenye chupa ya soda. Alitia maji ya chai ya rangi, akatia mafuta ya kupikia, akaongeza manjano kidogo, akatikisa mpaka kila kitu kikawa tope. Kisha akaiweka mezani.

"Sasa ngoja."

Tukangoja. Mafuta yakapanda juu yakiwa na rangi ya manjano, maji yakabaki chini na wekundu wa chai. Kila rangi ilikuwa imechagua nyumba yake.

"Hiyo ndiyo kazi yote," akasema. "Dispro anapenda mafuta, Neo anapenda maji. Shida ni kwamba wanafanana tabia. Ni kama useme hapa Kikopey kwenye vibanda vya nyama choma, wanaopenda nyama yenye mafuta wapite mlango huu na wasiopenda wapite ule. Mara ya kwanza nusu watakosea mlango. Unawapanga tena, na tena."

Ndiyo maana karakana ile haikuwa na mtambo mmoja mkubwa kama mnavyofikiria. Ilikuwa na safu ya matangi madogo ya plastiki, kila moja likimwagia la pili, mafuta ya taa yenye dawa maalumu yakienda upande huu na maji yenye madini yakija upande ule. Kila tangi lilikuwa na sehemu ya kukoroga na sehemu ya kutulia. Kukoroga anaweza mtu yeyote. Kutulia ndiko kunakotenga madini, na ndiko kulikonishinda mimi kwa muda mrefu, kwa sababu mkono wangu ulikuwa ukitaka kugusa kitu kila saa.

Niwape machache ya mikono kabla sijasahau. Sumaku hizo usizisogeze mbili karibu zikiwa hai. Zilinibana kidole changu cha shahada mpaka ukucha ukatoka, na Kiarie akacheka akisema sasa nimesaini mkataba. Ziue kwanza kwa moto wa jiko la kuokea, zikipoa zinakuwa kama kokoto, hazivuti hata pini. Usizisage zikiwa kavu, unga wake unawaka wenyewe. Unapochanganya asidi, asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, polepole. Ukimwaga maji kwenye asidi itakurukia. Na usifanye kazi hiyo bila miwani na glavu eti kwa sababu jua ni kali. Chuma kikishaondolewa, yanabaki maji yenye rangi ya zambarau iliyofifia, kama maua ya jakaranda yaliyolowa. Hiyo ni rangi ya Neo. Sijaona rangi nzuri kama ile mahali pengine, na nimetembea.

Basi tukajaribu kidogo kidogo kwenye chupa za Agnes, na kila kitu kikaenda sawa. Kiarie akampata wakala mmoja Nairobi aliyekuwa akinunulia kiwanda cha nje. Wakala alikuwa mama mmoja mkimya. Alisema mseto anaweza kuupata popote; kwetu alitaka Neo peke yake na Dispro peke yake. Tulete sampuli. Ikiwa safi, atatupa mkataba wa kununua kila tutakachotoa. Kiarie alikuwa ameuza gari lake la mizigo ili kununua yale matangi. Bila mkataba ule karakana haikuwa na maisha. Kila mtu pale alijua, hata aliyekuwa akipika chai.

Tukawasha safu nzima kwa mara ya kwanza, na ikakataa.

Mafuta hayakutaka kuachana na maji. Katikati yao kulijitokeza utando mweupe mzito, kama maziwa ya mala yaliyoganda yakagoma kumiminika, ukazidi kunenepa tangi baada ya tangi mpaka ukaziba bomba. Neo na Dispro wakatoka mlango mmoja wameshikana mikono. Tulipopima, kilichotoka mwisho kilikuwa karibu sawa na kilichoingia mwanzo. Yaani tulikuwa tumechoma asidi na mafuta ili kupata mseto uleule.

Hapo ndipo watu walipoanza kulaumiana. Kiarie alisema mafuta ya taa yamechanganywa na kitu, akaenda kugombana na muuzaji, akaleta mengine. Utando ukarudi. Agnes akasema mimi nakoroga kwa hasira, akapunguza mwendo wa mota. Ukarudi. Akabadilisha dawa, akaosha matangi yote kwa maji mengi ya kisima mpaka yakang'aa. Siku hiyo utando ulikuja mapema zaidi kuliko siku zote. Agnes alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akautazama.

Kiarie akatupeleka Kikopey kula nyama. Nyote mnajua mwajiri akikununulia mbavu bila sababu, sababu iko njiani. Alingoja tukala kidogo, kisha akasema ataviuza vyote kama mseto, alipie asidi, afunge. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesema mvua imekatika. Mimi nilianza kupanga kichwani nitaelekea wapi, ndivyo nilivyo. Agnes aliendelea kutazama sahani, na nilijua anaiona Karagita na midomo ya wale waliomwambia amerogwa.

Aliyekuwa akitukatia nyama alikuwa mcheshi, mtu wa kupiga stori na kila meza. Nilimwambia anipunguzie chumvi, akanitazama usoni akacheka.

"Boss, wewe ni wa hapa Nakuru. Hata usitoe kitambulisho. Meno yako yameshajitaja."

Meno yangu ni ya kahawia, yana mistari kama mbao. Meno ya wengi wetu yako hivyo, sisi tuliokua tukinywa maji ya visima vya bonde hili. Nimetaniwa kwa ajili yake tangu shule ya msingi, kwa hiyo nilicheka na mkata nyama, nikamwambia yake meupe ni ya kukodisha. Lakini Agnes alikuwa ameacha kutafuna.

"Barasa, fungua mdomo."

"Mbele ya watu?"

"Fungua."

Nikafungua. Alinitazama meno kama anayenunua ng'ombe, kisha akamgeukia Kiarie akamuuliza zile chupa za majaribio tulizijaza maji gani. Kiarie hakujua. Agnes akajijibu mwenyewe: maji safi ya kuongezea betri, ya kununua. Na matangi makubwa tuliyajaza nini? Maji ya kisima.

"Floridi," akasema. "Ile inayochora meno ya watu wa hapa. Imejaa kwenye haya maji. Ikimkuta Neo inamkamata, wanakuwa unga mwembamba usioyeyuka. Unga huo ndio unakaa katikati ya mafuta na maji na kuyazuia yasiachane. Nilipima chumvi, nilipima chuma. Meno sikuyawaza, na yako mbele yangu kila siku yakiniomba chai."

Tulirudi karakanani nyama ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Agnes akachukua glasi mbili za maji ya Neo, zambarau safi kabisa. Kwenye moja akatia maji ya betri: yakabaki vilevile. Kwenye nyingine akatia ya kisima. Wingu jembamba likashuka ndani yake, taratibu, kama maziwa kwenye chai.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu vijana wengi wakifika pahali hapa kwenye hadithi huniambia, basi si mlijua, mkatatua. Kujua kilichokuharibia hakukupi pesa ya kukirekebisha.

Kiarie alikuwa wa kwanza kupata wazo. Hapa kwetu watu huchuja floridi ya maji ya kunywa kwa mkaa wa mifupa, na Kikopey mifupa haikosekani. Kesho yake alikuja na gunia zima, mbwa wa njiani wakimfuata. Agnes alimwonya, lakini alimwachia ajaribu, maana mtu aliyeuza gari lake ana haki ya kujaribu. Tuliichoma, tukachuja, na kweli floridi ikapungua. Wingu likaja tena, jingine. Mifupa huachia fosfeti, nayo fosfeti humpenda Neo vilevile.

"Umemfukuza mwizi," Agnes akamwambia, "ukaajiri ndugu yake."

Kiarie akabaki na wazo la pili, na hili lilikuwa na hatari zaidi kwa sababu lilikuwa linafanya kazi. Tununue maji ya betri ya kutosha sampuli tu. Sampuli itoke safi, wakala asaini, mengine tutayaona mbele. Hakukuwa na uongo ndani yake, alisema, kwa sababu Neo itakuwa Neo kweli.

Agnes alichukua chaki akamwandikia kwenye ukuta wa tangi. Hakuandika hesabu kubwa. Aliandika maji ya kila tangi, mara safu nzima, pamoja na ya kuoshea, na pembeni bei ya mtungi mmoja wa maji ya betri. Kiarie alifuata kwa kidole chake hewani, na kidole kikaenda polepole, kikasimama. Kwa maji ya kununua, kila kilo ya Neo ingetugharimu zaidi ya kile ambacho wakala angelipa. Mkataba ungetufunga kutoa hasara kila mwezi mpaka tufe.

"Sampuli yoyote naweza kukutolea," Agnes akasema. "Karakana ndiyo siwezi kukutolea kwenye chupa."

Kiarie akampigia wakala simu mbele yetu, akamwambia ukweli: tunaweza kutenga, lakini maji yetu ni mabaya, na mpaka mvua inyeshe, maana maji yake hayana floridi, hatuna kitu cha kuonyesha. Yule mama hakuahidi chochote. Alisema tukipata tumletee, atatazama, na bei itakuwa ya siku hiyo.

Ilikuwa kiangazi. Mvua ilikuwa mbali na anga lilikuwa jeupe kama bati jipya.

Katika kiangazi hicho ndipo nilipojifunza biashara hii ilivyo hasa. Bei ya Neo haiamuliwi Gilgil wala Nairobi. Iko nchi moja mbali yenye viwanda vikubwa mno. Wakifungua mkono, bei inaanguka na vidogo kama sisi vinakufa. Wakifunga, kila mtu anakumbuka jina lako. Huwezi kupigana nao. Unachoweza ni kuhakikisha hufi wakati wamefungua mkono wao na hujalala wakati wameufunga. Kiarie alielewa jambo moja: sumaku iliyokufa haiozi. Ikiwa bei ni mbaya au maji hayapo, iache kwenye gunia. Usiiyeyushe kwa sababu tu mikono iko bure. Ukishaitia asidi, umeshaanza kulipa na huwezi kurudi nyuma. Kwa hiyo tukageuza karakana kuwa shamba. Kiangazi tunakusanya na kuzima sumaku, masika tunatenga.

Na tukafunga gata, mifereji ya kukinga maji ya mvua kwenye paa. Mimi ndiye niliyepanda juu ya mabati, kwa sababu nilikuwa mwepesi na sikuwa na la kufanya. Paa letu halikutosha. Jirani yetu lilikuwako kanisa lenye paa refu ambalo maji yake yote yalikuwa yakichimba mtaro bure. Tukaelewana na wazee wa kanisa: sisi tunaleta gata na matangi, maji tunagawana nusu kwa nusu, yao ni ya kunywa na yetu ni ya Neo. Mzee mmoja aliuliza Neo ni mshirika wa kanisa gani. Agnes akamwambia bado hajabatizwa, anangoja mvua.

Mishahara ilipungua, wawili waliondoka, sikuwalaumu. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga mkoba. Niliufungua tena kwa sababu ya upande mmoja wa gata uliokuwa umeinama vibaya, nikasema nirekebishe kwanza.

Mvua ilikuja alasiri, kwa kelele, kutoka upande wa Eburu. Ya kwanza tuliimwaga yote, maana ilikuwa imebeba vumbi la paa na mavi ya njiwa. Kiarie alisimama akiitazama ikienda kama mtu anayesindikiza mgeni wa heshima. Iliyofuata tuliiingiza. Agnes akaipima, akaijaribu kwenye glasi ya zambarau. Hakuna wingu.

Tukawasha safu. Nikakoroga, nikaacha. Mkono wangu ukataka kugusa kitu, nikautia mfukoni. Tangi la kwanza likatulia: tope, kisha ukungu, kisha katikati yake ukaanza mstari. Juu mafuta, chini zambarau, na kati yao hakuna kitu, ule mstari tu, mwembamba kama uzi uliovutwa na watu wawili. Tangi la pili vilevile. La tatu. Kiarie alizunguka akiinama kwenye kila moja, mdomo wake ukisogea bila sauti, na alipofika mwisho aliketi juu ya gunia la sumaku akavua kofia.

Yule mama wa Nairobi alinunua. Bei ya siku hiyo haikuwa nzuri wala mbaya. Karakana ipo hadi leo, ndogo kuliko ndoto ya Kiarie, kubwa kuliko hofu yake, na inatenga msimu wa mvua tu. Agnes bado yuko. Mimi niliondoka miguu iliponiita, na sasa natembea kutoka Njoro hadi Gilgil nikifunga gata za watu, kazi niliyojifunza juu ya paa la kanisa. Ukinikuta juu ya mabati na mfuko wako wa mawe, nitashuka, nitayatazama. Lakini mnajua nitauliza nini kwanza.

Siku ile ya mstari niliinama juu ya tangi nikitabasamu mwenyewe, nikiona uso wangu kwenye ile zambarau. Agnes alinisukuma pembeni kwa bega.

"Barasa, funga mdomo. Usije ukadondosha jino humo ndani."